Chungu Nilichokipeleka Kaole

Wenzangu wa kitengo, siku mliyoniaga mlinitaka nisimame niseme mawili matatu kuhusu kazi. Nikalia badala ya kusema, nanyi mkapiga makofi kana kwamba nimehutubia. Sasa nina miezi mitatu nyumbani, machozi yamekauka, na kuku wangu hawana maswali, kwa hiyo nawaandikia ninyi. Habari za vyeo sitaziandika, maana vyangu vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitaandika nilivyoingia katika kazi ya kuwatunza watu ambao hawatapona, na habari ya Daktari Fang na dawa zake za kuchemsha. Nasikia baadhi yenu mnaisimulia kama kichekesho. Kichekesho kimo, ila mnakiweka mahali sipo.

Nilipoletwa kitengo cha tiba shufaa, kitengo chenyewe kilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa stoo ya ndoo na mafagio, na mafagio mawili yalikuwa bado yamo. Nilitoka wodi ya wazazi. Miaka kumi na mmoja nilikuwa napokea watoto wanaolia, ghafla napangiwa wazee wanaonyamaza. Nilidhani nimeadhibiwa. Nikaanza kukumbuka nani nimemkosea pale hospitalini, orodha ikawa ndefu, nikaacha.

Aliyenipokea ni Bi. Tatu, muuguzi mfupi mwenye raba nyeupe na mkoba wa ngozi uliofungwa kwa bendeji mahali ulipokatika mkanda. Siku ya kwanza hakunionyesha dawa hata moja. Alinichukua kwa miguu hadi kwa fundi seremala mmoja nyuma ya soko, mwenye kansa ya ini. Tukamsalimu, akatujibu vizuri, hajambo, watoto hawajambo, anamshukuru Mungu. Bi. Tatu akafunua shuka upande wa miguuni, akanionyesha kwa macho. Vidole vya yule mzee vilikuwa vimejikunja vyote kumi, vimebana godoro.

Tulipotoka akaniambia, "Mtu wa kwetu atakwambia hajambo mpaka siku anayozikwa. Uso umefundishwa adabu tangu utotoni. Vidole vya miguu hakuna aliyevifundisha. Ukiingia nyumbani kwa mgonjwa, salimia uso, kisha nenda kaulize miguu."

Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu amelisikia hilo mpaka akachoka. Sikulibuni mimi, ni la Bi. Tatu, Mungu amrehemu.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kabati lenye kufuli mbili na mofini ya maji. Mnaijua: kila baada ya saa nne, kwa bomba dogo lisilo na sindano, na kila mara pamoja na kitu cha kulainisha choo. Ubavuni mwa chupa tulibandika utepe wa plasta, na kila tulipomtembelea mgonjwa tulichora mstari mahali dawa ilipofika. Baadaye zilikuja fomu nzuri zaidi. Mimi niliendelea na plasta yangu, na mlinicheka, na sikuacha.

Shida ya mofini ilikuwa ile ile miaka yote. Inatuliza maumivu, lakini inafunga choo, na siku za mwanzo inaleta kichefuchefu na usingizi. Dawa za choo zilikuwa zikiisha stoo kuliko kitu kingine chochote. Tuliwaambia watu wale papai, wao wakatuambia papai linawatapisha. Nimewaona wagonjwa wakirudisha chupa ya mofini mezani wenyewe, wakichagua kuumwa mifupa kuliko kukaa siku tisa bila choo. Ukiwa mzima unaweza kuliona hilo dogo.

Hapo ndipo alipokuja Daktari Fang. Alikuja na madaktari wenzake wa Kichina kwa mkataba wa miaka miwili. Wenzake walikwenda chumba cha upasuaji. Yeye alikuwa daktari wa dawa za asili za kwao, na uongozi haukujua umweke wapi, basi ukamweka kwetu, kama ilivyokuwa desturi ya vitu visivyo na mahali. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Kiswahili alijifunza kwa wauza mboga sokoni, na walimfundisha vizuri ila jambo moja: waliposema shikamoo ni heshima, akaamua kumpa kila mtu. Aliwaamkia watoto wa darasa la kwanza, nao wakaitikia marahaba kwa sauti nzito. Nilimweleza kwa upole. Akasema, "Najua, Saumu. Lakini wanafurahi sana."

Masanduku yake yalikuwa na vidroo vidogo vidogo, na chumba chetu kikaanza kunukia kama duka la viungo. Maganda makavu ya chenza, tangawizi kavu, mizizi mitamu, mizizi ya njano iliyokatwa vipande. Nusu ya sanduku lile ilikuwa jikoni kwa mama yangu. Alipima kwa mizani ndogo ya mkono, akafunga kwenye karatasi, na kabla ya kumpa mtu kitu chochote alitaka kujua dawa zote anazotumia. Zote, mpaka zile ambazo mgonjwa anaona haya kuzitaja. Aliziandika kwenye daftari, akampelekea daktari wetu asaini. Mwenye figo mbovu hakumpa.

Siku ya kwanza nilimuuliza, "Daktari, hizi zinaponya kansa?"

"Hapana."

"Sasa zinafanya nini?"

"Zinasaidia choo. Zinatuliza tumbo. Wengine wanaanza kula kidogo. Wengine haziwasaidii kitu."

Nilimwamini kwa ajili ya sentensi ile ya mwisho. Mjini wakati ule kulikuwa na bwana mmoja akiuza boksi lenye picha ya joka, anasema ni dawa ya Kichina inayotibu maradhi arobaini, kansa ikiwemo. Wagonjwa wetu walikuwa wakituuliza kama ni jamii moja na za Daktari Fang. Akaenda mwenyewe dukani, akavaa miwani, akasoma maandishi ya kwao ubavuni mwa boksi. Ilikuwa chai ya kupunguza unene, na iliuzwa kwa watu waliobaki ngozi na mifupa. Sikuwahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile wala baada yake.

Ukaidi wake ulikuwa mmoja. Dawa zake hazipikwi kwenye sufuria ya alumini. Alitaka chungu. Nilifurahi kupita kiasi, maana bibi yangu naye alikuwa hivyo hivyo, mizizi yake haikujua sufuria. Nikawa naenda mwenyewe kwa kina mama wafinyanzi, nachagua vyungu vidogo vya kiasi cha vikombe vitatu, navigonga nisikie mlio, narudi navyo ofisini nimevikumbatia. Daktari Fang alivipanga dirishani. Ningejiuliza swali moja tu wakati ule, mengine haya yasingetokea.

Sasa nifike kwa Bi. Nuru.

Bi. Nuru alikaa Kaole. Alikuwa mjane, na alikuwa mwalimu wa Kurani, lakini si wa watoto. Alifundisha wanawake wazima ambao utotoni walipelekwa shamba au jikoni badala ya chuoni. Walikuja kwake alasiri, wengine na miwani ya kusomea, wakaanza alifu na bee wakiwa na wajukuu. Kansa yake ilianzia titini, na tulipoitwa ilikwishaingia nyonga na uti wa mgongo. Nyumbani alikuwa na wifi yake, Bi. Rukia, dada wa marehemu mumewe, mwanamke wa miaka sabini mwenye mikono ya kutwanga. Wanafunzi walikwisha tawanyika, akabaki mmoja, Mwajuma, muuza maandazi. Mwajuma alikuwa amesoma miaka saba na amebakiza juzuu tatu ahitimu.

Kwa hiyo Bi. Nuru alikuwa na haja moja duniani, naye aliisema siku ya kwanza bila kuzunguka. "Nataka Mwajuma amalizie mbele yangu, na mimi nikiwa na akili yangu. Baada ya hapo Mungu na aamue atakalo."

Mofini alikuwa amekwisha ijaribu wiki moja, akaikataa. Ilimtapisha, ikamfunga choo, na baya zaidi kwake, ilimlaza wakati Mwajuma anasoma. "Alikosea nami nikakoroma," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Heri niumwe niko macho."

Tulikwenda kwa bajaji, mimi na Daktari Fang. Alimshika mapigo mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kimya, muda mrefu hata Bi. Rukia akadhani anasali. Akamtazama ulimi. Tukampigia daktari wetu, akakubali tuanze mofini upya kwa kipimo kidogo, tupandishe polepole, na usingizi ungepungua baada ya siku chache. Choo na kichefuchefu tukaviachia vipakiti vya Daktari Fang. Bi. Nuru alisikiliza yote akasema, "Haya. Mkinipotezea akili nawafukuza wote wawili."

Chungu nilikiinjika motoni mimi mwenyewe. Nilichuchumaa jikoni kwa Bi. Rukia, nikamwaga pakiti ya kwanza, nikaeleza: loweka, chemsha, chuja, chemsha mara ya pili, makapi tupa. Nilieleza vikombe vingapi, moto kiasi gani, anywe kabla ya kula. Bi. Rukia aliitikia kila neno. Nikachora mstari kwenye plasta ya chupa ya mofini, tukaondoka tumeridhika.

Siku ya tatu Mwajuma akaniletea ujumbe kwenye simu: mwalimu amepata choo, na hatapiki. Nilisoma kwa sauti ofisini na Daktari Fang akapiga makofi. Kazi yetu ndiyo hii, wanangu, watu wazima wawili kushangilia choo cha mtu wa tatu.

Siku ya tano nikaenda. Mwajuma alikuwa ameketi kizingitini, msahafu umefungwa mapajani. Nikamuuliza mbona hasomi. Akasema mwalimu ameomba wapumzike kidogo, na hicho kidogo kilikuwa kimefika siku nne.

Bi. Nuru alinipokea vizuri. "Sijambo, alhamdulillahi. Za huko utokako?" Uso wake ulikuwa umepauka na unang'aa jasho. Nikaenda miguuni, nikainua khanga. Sihitaji kuwaambia nilichokiona. Nikachukua chupa dirishani, nikaiweka kwenye mwanga. Dawa ilikuwa pale pale kwenye mstari wangu, haikupungua tone.

Nikamfuata Bi. Rukia jikoni. "Mama, mgonjwa hajanywa mofini."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, chungu kiko motoni. Atakunywaje dawa ya hospitali? Na wewe si mtoto wa hapa hapa?"

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Alikuwa na haki. Kwetu, dawa ya chungu ina miiko yake. Kikishainjikwa, siku saba mgonjwa hagusi dawa ya hospitali, mpaka chungu kimwagwe, kwa kuwa zikikutana mwilini zinagombana na anayeumia ni mgonjwa. Nimelijua hilo tangu sijaota meno ya mbele. Bibi yangu alilifuata, mama yangu alilifuata. Daktari Fang hakuwa na njia ya kulijua. Mimi nililijua, nikachuchumaa mbele ya chungu kama bibi yangu, nikaongea kama nesi, na hao wawili ndani yangu hawakuulizana kitu. Nilitoa maelekezo ishirini, na lile la kusema mofini iendelee halikunijia hata akilini.

Kuna jambo jingine lililonichoma zaidi. Choo kile tulichokishangilia kilikuja kwa sababu mofini haikuwa ikinywewa. Tulipiga makofi siku ya pili au ya tatu ya mateso yake.

Nilirudi kwa Bi. Nuru nikamuuliza kwa nini hakusema. "Mlisema dawa hii itaniachia akili yangu," akajibu. "Nikadhani ndiyo badala ya ile. Nikasema ngoja nivumilie, labda inachelewa." Akapumzika. "Lakini Saumu, siwezi kumsikiliza. Mwajuma akisoma, sisikii herufi. Nasikia nyonga."

Nilimwambia Bi. Rukia ampe mofini saa ile ile. Akakataa, na msije mkamdhania vibaya. "Nimemzika kaka yangu," alisema. "Huyu sitamuua kwa mkono wangu." Nikampigia daktari wetu, nikaweka simu kwenye spika, daktari akaeleza kitaalamu dakika kumi nzima. Bi. Rukia alimsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, akamuuliza hali ya mkewe, akabaki palepale. Nami ningeweza kumpa mgonjwa kwa nguvu ya sare yangu, lakini nikitoka mlangoni dozi inayofuata angeitoa nani?

Nikampigia Daktari Fang, akaja na bajaji. Alikaa kwenye mkeka mlango wa jiko, akanisikiliza, kisha akamsikiliza Bi. Rukia, hakumkatiza. Nilitarajia aseme dawa zake hazina miiko. Badala yake akauliza, "Mama, chungu kinamwagwa na nani?"

"Na aliyekiinjika."

"Anaweza kukimwaga kabla ya siku saba?"

Bi. Rukia alifikiri. "Anaweza. Ila likitokea la kutokea, liko shingoni mwake."

Wote wawili wakanigeukia. Nina diploma ukutani na nilikuwa nimekwisha fundisha wauguzi wa wilaya nzima, lakini nawaambia kweli, nilikiogopa chungu kile. Nilikitoa nje uani, nikakimwaga mbele ya dirisha la Bi. Nuru ili aone, nikasema kwa sauti, "Nimekimwaga mimi, Saumu binti Kombo. Likitokea la kutokea ni langu." Bi. Rukia akanielekeza nikifudikize, mdomo chini, nikakifudikiza. Ndipo akaniletea chupa ya mofini kwa mkono wake mwenyewe, na kijiko, ingawa kijiko hakikuhitajika.

Tulikaa naye mpaka ilipomshika. Kiasi cha saa moja baadaye alivuta pumzi ndefu, akamwambia Mwajuma alete msahafu, na kabla hajafunguliwa ukurasa akasinzia. Mwajuma aliufunga tena taratibu. Hakuna aliyelaumu.

Lakini choo kingefunga tena, na chungu ndio hivyo. Daktari Fang alikuwa anatazama rafu ya jikoni. Akanyoosha kidole kwenye birika la enameli lenye maua. "Hili mnapikia nini?"

"Chai," akasema Bi. Rukia.

"Chai ina mwiko?"

Bi. Rukia akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Daktari, chai ina mwiko gani?"

"Basi hii ni chai," akasema Daktari Fang, akamkabidhi vipakiti.

Njiani nilimuuliza, maana mwaka mzima alikuwa ananinyima sufuria. Akaniambia enameli haina neno, hata kwao wanatumia. Nikasema mbona basi tumehangaika na vyungu. Akatazama nje ya bajaji. "Ulikuwa unarudi navyo umefurahi sana," akasema. Nilimpenda mwanamke yule siku nyingi, lakini nadhani nilijua saa ile.

Siku za mwanzo Bi. Nuru alilala sana. Siku ya nne akaamka alasiri, akanywa chai yake ya maganda, akamsikiliza Mwajuma kurasa mbili. Kichefuchefu kilipungua. Ilikuwa chai au ni mwili kuizoea mofini? Daktari Fang aliandika yote mawili kwenye daftari, akaweka alama ya kuuliza. Choo kilikuja na mizizi ya njano, safari hii mofini ikiwa inaendelea, na hatukupiga makofi mpaka tulipohakikisha mstari wa plasta umeshuka. Na mkiona kwenye fomu yenu swali la "Nyumbani kuna chungu? Kimeinjikwa na nani?", mkacheka, sasa mmejua limetoka wapi. Msilifute.

Mkataba wa Daktari Fang uliisha Mwajuma akiwa amebakiza juzuu moja. Alikwenda Kaole kuaga, akampa shikamoo Bi. Rukia, na safari hiyo ilikuwa mahali pake. Baada ya hapo akawa ananipigia kila siku kutoka kwao, hasalimii, anauliza tu, "Amefika wapi?"

Siku ya mwisho ya kusoma nilifika alasiri na mkoba wangu. Tulikuwa tumepandisha dozi mara tatu, na Bi. Nuru alikuwa amebaki sauti na macho. Nyonga ilikuwa imetulia. Mwajuma alikuwa ameoga, amevaa nguo ya Idi, anasoma kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida yake. Bi. Rukia ameegemea mlango. Nilikaa chini karibu na mto, na nikaona kama sitasema leo sitasema tena. Tangu siku ya chungu nilikuwa nimeomba msamaha kwa Bi. Rukia, kwa daktari wetu, na kwa Daktari Fang aliyekuwa hana cha kusamehe. Kwake yeye nilikuwa sijathubutu.

Nikainama sikioni pake. "Mwalimu, zile siku nne," nikaanza.

Aliinua kidole, nami nikadhani ni kwangu. Kilikuwa kwa Mwajuma. Alikuwa amevuta herufi isiyovutwa. Mwajuma akarudi nyuma, akasahihisha, akaendelea.

"Zile siku nne, mwalimu. Kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

Hakunigeukia. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa Mwajuma.

"Nilikusamehe zamani, Saumu," akasema. "Sasa nyamaza, mwenzio anasoma."